Waulize Kwanza Kuhusu Mwalimu

Magharibi mwa Alabama, kambare hufugwa kwenye mabwawa makubwa ya udongo, na usiku wa kiangazi hauna usingizi. Mwani unaotoa oksijeni mchana hubaki kuitumia tu giza likiingia, na karibu na alfajiri samaki wa bwawa zima wanaweza kufa. Kwa hiyo kuna mtu anayezunguka na gari, anatumbukiza kipimo cha oksijeni, anasoma namba, kisha anawasha mashine ya kuchapa maji.

Nikiwasimulia watu wa nyumbani, huniuliza bei ya mashine. Nawaambia waulize kwanza kuhusu mwalimu. Mji wa Greensboro una kituo cha ufugaji samaki chenye uhusiano na Chuo Kikuu cha Auburn. Mfugaji hupeleka samaki mgonjwa au chupa ya maji, akaelezwa kuna nini. Utaratibu huo wa mtaalamu wa chuo kumsaidia mkulima uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1914, na haumuulizi mtu aliishia darasa la ngapi.

Kwetu Kenya, mwaka 2009 serikali ilianza kuchimba mabwawa ya mita za mraba 300, mabwawa 200 kwa kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140. Ruzuku ilipokwisha, mengi yakaota nyasi. Husemwa kwamba ni kwa sababu wafugaji wadogo hawakusoma. Maneno hayo yananikera. Shangazi yangu kule Kakamega aliishia darasa la saba, na hesabu za kioski chake hazijawahi kumshinda. Ila hakuna aliyerudi kumwonyesha hesabu za bwawa.

Nazo si ngumu. Kila mwezi vua tilapia wachache, wapime kwenye ndoo, upate wastani. Wakiwa 1,000 na kila mmoja ana gramu 100, una kilo 100 majini. Wape asilimia 3 ya uzito huo, yaani kilo 3 za chakula kwa siku. Ukimwaga kwa kukisia, kinachobaki huoza na kula oksijeni, na chakula ndicho kinachomeza pesa nyingi kuliko kitu kingine chochote. Rangi ya maji nayo hupimwa kwa mkono: zamisha hadi kwenye kiwiko. Vidole vikionekana bado, ongeza samadi. Vikipotea mapema mno, acha.

Mambo haya hayaingii kwa semina ya siku moja hotelini. Yanataka mtu arudi mwezi ujao, akague daftari.

Tangu 2013 kazi hiyo ya ugani iko mikononi mwa kaunti. Bajeti zikitoka, mimi hutafuta kwanza fungu la mafuta ya pikipiki ya afisa ugani, ndipo niangalie idadi ya mabwawa mapya.