Mali na Mizigo Yake

Watu wengi hudhani ya kuwa mwenye mali hana taabu. Lakini nikisoma kitabu cha Mwanzo naona ya kuwa Ibrahimu, Isaka na Yakobo walikuwa matajiri wa mifugo, na kila mmoja alisumbuliwa na utajiri wake.

Ibrahimu na Lutu, mtoto wa ndugu yake, walisafiri pamoja kutoka mbali. Njaa ya Kanaani haikuwatenganisha. Waliotenganishwa na wingi wa mali. Wanyama walizidi, malisho hayakutosha, na wachungaji wao wakagombana.

Isaka alipanda akavuna mara 100. Wafilisti wakamwonea kijicho, wakafukia visima vya baba yake. Akachimba kisima, wakakigombea. Akachimba cha pili, wakakigombea nacho. Cha tatu ndicho walichomwachia, akakiita Rehobothi, maana yake nafasi.

Yakobo alimtumikia mjomba wake Labani miaka 20, akichomwa na jua mchana na kuumwa na baridi usiku. Aliporudi kwao na mali nyingi, alimwogopa nduguye Esau, hata akamtangulizia zawadi ya mbuzi 220, kondoo 220, ng'ombe 50, punda 30, na ngamia 30 pamoja na watoto wao. Wanyama wote hao kwa kutafuta amani ya ndugu mmoja!

Mambo haya si mageni kwangu. Baba na baba mdogo waliishi katika boma moja mpaka ng'ombe walipoongezeka. Sasa wanagombea kisima, wala hawasalimiani. Likizo ijayo wazee watakaa kuamua shauri hilo, na baba amenitaka mimi, mwanawe wa kwanza, niseme kwa niaba yake kwa kuwa nimesoma.

Nimekwisha kufikiri nitakalomwambia kabla ya siku hiyo. Ibrahimu alikuwa mkubwa, lakini alimwachia Lutu achague kwanza. Lutu akachukua bonde la Yordani lenye maji mengi. Ibrahimu akabaki Kanaani, wala hakupungukiwa. Basi nitamwomba baba amwachie mdogo wake achague. Huenda akakasirika, akasema ya kuwa shule imenifundisha kugawa ng'ombe nisiowachunga. Hata hivyo nitasema. Kisima kingine huchimbwa, lakini ndugu wa tumbo moja hachimbwi.