Miti Iliyoumizwa na Upepo: Tuikate au Tuiache?

Sisi ni ndugu watatu wa nyumba moja hapa Mafia, na sote tunasoma katika madrasa hii. Katika toleo hili tumeona tuandike juu ya jambo ambalo kila nyumba ya pwani hukutana nalo siku moja, nalo ni miti ya uwanjani iliyoharibiwa na dhoruba. Miti tunaijua wakati wa kula embe na dafu, lakini upepo mkubwa ukishapita ndipo hujulikana nani ana subira na nani ana pupa.

Kimbunga Hidaya kilifika kisiwani kwetu siku ya Jumamosi, tarehe 4 Mei 2024. Vimbunga si vingi katika pwani yetu, kwani tuko karibu na mstari wa Ikweta, na kimbunga hupata mzunguko wake kutokana na kuzunguka kwa dunia, nguvu ambayo karibu na Ikweta huwa dhaifu. Hata hivyo si jambo geni. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ikawa ndiyo mbele kwa karafuu. Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kingine kiliupiga mji wa Lindi. Hivyo basi, upepo wa siku moja unaweza kugeuza riziki ya watu kwa miaka mingi.

Kwetu sisi nyumba ilisalimika, alhamdulillahi, ila uwanja ulikuwa haupitiki. Minazi miwili ilikatika vilele, mshelisheli ulipoteza matawi manne, mlimao mchanga ulilala chini, na mwembe mkubwa wa marehemu babu uliinama kuelekea jiko la mama jirani, mjane mwenye watoto wanne.

Jambo la kwanza ambalo baba alilikataza ni kukimbilia panga. Alitusimamisha barazani akatuambia, “Tazameni juu kwanza, kisha chini, ndipo mtie mguu.” Juu kunaweza kuwa na waya wa umeme uliolaliwa na tawi, au tawi lililovunjika likanasa katika matawi mengine likingoja kuanguka. Waya ukigusa mti mbichi au uzio wa mabati, kila kilichogusana nao chaweza kuwa na umeme. Hapo hapana kusogea wala kuvuta kwa kamba wala kwa mti mkavu. Watu huwekwa mbali na TANESCO hupigiwa simu. Chini nako huangaliwa tawi lililopinda kama upinde kwa kubanwa na gogo. Tawi la namna hiyo likikatwa huruka kwa nguvu na laweza kumvunja mtu taya.

Siku ya pili alipita mtu mwenye msumeno wa mashine akatuambia kuwa miti yote ya uwanja imekwisha kufa, tumlipe aikate yote kwa siku moja. Baba alimshukuru akamwambia tutamwita tukimhitaji. Kisha alimwendea bwana shamba, naye akaja akatupitisha mti mmoja mmoja kama mwalimu anayesahihisha madaftari.

Alianza na mshelisheli. Alituambia kuwa mti uliobakiwa na zaidi ya nusu ya matawi yake, na shina lake halikupasuka, mara nyingi huishi, basi usihukumiwe kwa sura ya siku ile. Matawi yaliyovunjika hukatwa kwa hatua tatu. Kwanza msumeno hupita chini ya tawi, mbali kidogo na shina, ukiingia kiasi tu. Pili hukatwa kutoka juu, mbele kidogo ya alama ile, tawi likaanguka bila kuchuna gome la shina. Tatu kile kisiki kilichobaki huondolewa pale penye uvimbe ambapo tawi linaungana na shina. Uvimbe ule usikatwe, kwani ndio unaofunika jeraha. Tulikuwa tumeweka tayari kopo la rangi tukidhani ni dawa, naye akacheka. Alitusimulia habari za Alex Shigo, mtaalamu wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyefariki mwaka 2006, ambaye alipasua miti mingi kwa urefu ili aone majeraha yake kwa ndani. Aliona kuwa mti hauponi kama ngozi ya mtu, bali hulizungushia jeraha ukuta na kuota mbao mpya juu yake. Rangi na lami haziusaidii.

Mlimao ulikuwa mdogo, basi tuliufunika mizizi kwa magunia yaliyoloa, tukachimba shimo, tukausimamisha na kuufunga kwa vitambaa vilegevu kwenye nguzo mbili. Mti mkubwa uliong'oka hausimamishwi hivi, kwani mizizi inayoushika imekwisha kukatika.

Minazi miwili ile haikuwa na tumaini. Mnazi una moyo mmoja tu wa kuchipulia, nao uko kileleni. Kilele kikikatika, mnazi umekufa hata kama shina limesimama wima. Zaidi ya hayo, gogo la mnazi linalooza ndilo anamozalia chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, ambaye baadaye huruka akatoboa minazi mizima. Kwa hiyo kuliacha gogo ni kumfugia jirani maradhi. Mnazi mmoja kati ya ile miwili haukuwa wetu. Huku kwetu ardhi inaweza kuwa na mwenyewe na mti ukawa na mwenyewe mwingine, na ule ulikuwa wa mzee mmoja wa kijiji cha pili. Tulimpelekea habari kabla ya kugusa hata kuti. Alikuja, akachukua mbao za sehemu ya chini, ambayo ndiyo ngumu, na sehemu ya juu tulimsaidia kuipasua na kuichoma.

Ukabaki mwembe. Bibi alisema usiguswe. Chini ya mwembe ule babu alikuwa akikaa baada ya sala ya alasiri, na hapo ndipo alipowasomesha baba na ndugu zake juzuu zao za kwanza. “Umeinama tu,” alisema bibi, “hata mimi nimeinama, mbona hamnikati?” Hakuna aliyeweza kumjibu.

Bwana shamba hakubishana naye. Alimwomba ampe ruhusa ya kumwonyesha kitu. Upande wa nyuma wa mti udongo ulikuwa umenyanyuka na kupasuka, na mizizi minene kama mkono imekatika. Alitwambia tuweke kijiti penye ufa, tupime asubuhi na jioni. Ilikuwa bado masika, na kila mvua ilipokunywesha, ufa uliongezeka upana wa kidole. Usiku mama jirani hakulala jikoni wala chumba cha karibu yake. Aliwahamishia watoto wake sebuleni na hakutulalamikia hata neno moja. Ukimya wake ndio uliotutia haya zaidi.

Kulikuwa na jambo jingine. Mwembe ulikuwa wa marehemu, na warithi wake ni bibi, baba, baba mdogo na shangazi, ambao hao wawili wako Dar es Salaam. Je, yafaa baba aukate kabla hawajaridhia? Tulimuuliza mwalimu wetu. Alitufahamisha kuwa kumwondolea jirani madhara hakungojei, na kwamba haki ya warithi haipotei kwa mti kukatwa, bali huhamia kwenye thamani yake. Hata hivyo wapigiwe simu, kwani kumshauri mwenye haki ni adabu. Wote wawili waliridhia. Tulimpelekea bibi kijiti chetu chenye alama za siku nne. Alikitazama kwa muda, kisha akasema, “Watoto wa watu kwanza.”

Mwembe ulikatwa na mafundi wawili wanaoijua kazi, kuanzia matawi ya juu, kila pande likishushwa kwa kamba upande wa uwanja wetu. Sisi tulikaa mbali zaidi ya urefu wa mti, kama tulivyoamriwa. Jiko la mama jirani halikupoteza hata kuti moja. Shina alilinunua fundi wa mitumbwi kwa shilingi 160,000.

Hapa ndipo somo letu la mirathi lilipotoka kwenye daftari. Bibi, akiwa mjane aliyeachwa pamoja na watoto, alipata thumni, yaani shilingi 20,000. Zilizobaki 140,000 ziligawanywa mafungu matano ya shilingi 28,000. Baba na baba mdogo walipata mawili mawili, yaani 56,000 kila mmoja, na shangazi fungu moja, 28,000. Kuni zote bibi aliamuru zipelekwe kwa mama jirani.

Wanafunzi wenzetu, tumejifunza kuwa si kila mti uliovunjika umekufa, wala si kila mti uliosimama ni salama. Mshelisheli ambao yule mtu wa msumeno aliuhukumu kufa ulichipua, na mlimao tuliufungua kamba baada ya mwaka, ukasimama wenyewe. Mwembe ambao sisi sote tuliupenda ndio uliokuwa hatari. Tunawausia mambo manne: msikaribie waya, msipande mti uliopasuka, msikate kabla ya kuuliza mjuzi, na msiguse mti wa mtu bila ya idhini yake.

Na baada ya kukata, pandeni. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa apandaye mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Sisi tumepanda minazi mitatu, mbali na paa la nyumba na mbali na waya. Mnazi wetu wa asili huchukua miaka sita hadi minane kuanza kuzaa, na bibi analijua hilo vizuri. Hata hivyo yeye ndiye anayetuhimiza kila jioni tuimwagilie maji.

Mwenyezi Mungu atukinge na kila lenye kudhuru, na atupe hekima ya kujua lipi la kuacha na lipi la kuondoa. Amin. Wabillahi tawfiq.