Mshale wa Luano Haujui Sifuri

Siku yangu ya kwanza katika hanga la Luano, kiwanja cha ndege cha Lubumbashi, mwaka 1975, muzee aliyepewa kazi ya kunifundisha aliniketisha kwenye kiti cha rubani cha Cessna 206 iliyokuwa imetolewa injini. Akagonga kioo cha kipima-urefu kwa ukucha.

"Soma."

Nikasoma: futi 4,300 kasoro kidogo.

"Sasa uniambie, ndeke iko juu ao iko chini?"

"Iko chini, muzee. Magurudumu iko kwa udongo."

"Basi juu ya nini kintu inasema iko juu?"

Nilikuwa na miaka 19, nimetoka shule ya ufundi nikidhani najua mambo, na jibu sikuwa nalo. Yeye akashuka, akaenda zake kunawa mikono. Jibu nilipewa saa sita mchana, juu ya bukari na sombe. Mshale ule haupimi udongo, unapima uzito wa hewa, na sifuri yake iko baharini. Kutoka Lubumbashi hadi bahari, ushike upande wowote, ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo ndege iliyolala hangani kwetu, ukiuamini mshale wake, iko mita 1,300 angani.

Rubani aliyefundishwa kwenye nchi za chini karibu na bahari huwa amezoea kuzungusha kitasa mpaka mshale ulale kwenye sifuri kabla hajaondoka. Akirudi kutua, mshale unamwambia moja kwa moja amebakiza kiasi gani. Kwetu hilo halifiki mahali. Kidirisha cha shinikizo katika vipima-urefu vingi huishia karibu na hektopaskali 950, na hewa ya Luano ni kama 870 tu. Unazungusha, unazungusha, kitasa kinagota. Nimeona wageni wawili watatu wakikilazimisha, na kazi ya kukitengeneza ikawa yangu.

Marubani walitua vipi, basi? Kwa macho, na kwa vichuguu. Aliyewahi kuruka juu ya Katanga anavijua: vichuguu vikubwa kama nyumba, vingine vinapita mita tano, vimetawanyika porini kana kwamba kuna mtu alivipanda. Rubani mmoja aliyenichukua mara nyingi kama fundi wa safari aliniambia kwamba kichuguu kikiwa bado duara tu, una nafasi. Kikishaanza kuonyesha kivuli na ubavu, acha maneno, shika usukani.

Lakini macho nayo yana majira yake. Mwezi wa nne nyasi zimepita kichwa cha mtu, na kiwanja cha kijijini kisipofyekwa, jicho huchukua ncha za nyasi kuwa ndiyo ardhi. Mwezi wa nane na wa tisa pori linachomwa, moshi unatanda hata ile cheminée ya kampuni ya madini ya Gécamines, bomba la moshi lililo refu kupita mita 150, inaonekana kama penseli iliyofutwa. Na pale moto ulipopita, udongo unabaki mweusi. Weusi huo ndio mbaya kuliko yote. Hauna kina. Ukiutazama kutoka hewani hujui kama uko mita moja chini yako au tano.

Nilijifunza hilo kwa matako. Ilikuwa 1983, tumepeleka dawa kijijini upande wa Mitwaba, jua linazama, na kiwanja kilikuwa kimechomwa jana yake. Rubani wangu hakuwa mzembe. Alivuta usukani akidhani imebaki mita moja. Zilikuwa zimebaki nne. Ndege ikaishiwa mwendo, ikaanguka kama gunia la makaa. Mguu wa mbele ukapinda, pangaboi likauma udongo. Hakuna aliyeumia. Tulilala pale siku mbili tukingoja gari, na mbuzi wa kijiji wakalala chini ya bawa kana kwamba wamelinunua. Matengenezo yalichukua wiki tatu. Usiku wa kwanza, nikiwa nimelala kwenye mkeka, jambo moja lilinikosesha usingizi: mita tatu. Hasara yote ile, kwa kutojua mita tatu.

Kifaa cha kuzijua kilikuwapo zamani. Ndege kubwa zilizotua Luano zilikuwa nacho tumboni: kipima-urefu cha redio, kinachotuma mawimbi chini na kusoma yanavyorudi, hadi futi 2,500. Mmarekani Lloyd Espenschied ndiye aliyekibuni, na mwaka 1938 kilishaanza kuruka. Nilipopata nafasi ya kufungua kimoja nilikuta sanduku zito, antena mbili, na nyaya ambazo urefu wake lazima uhesabiwe, la sivyo sifuri inapotea. Mwenye Cessna yetu alipotajiwa bei alicheka, akauliza mambo ya matairi.

Kuna habari moja ambayo sisi wa hangani tulikuwa tukiirudia kila mazungumzo ya urefu yalipoanza. Nilikuwa na miaka mitano Septemba 1961, mji bado ukiitwa Élisabethville, nikamwona baba amesimama mbele ya redio bila kukaa. Ndege aina ya DC-6 iliyombeba Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa akienda kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga, ilikuwa imeingia kwenye miti usiku wa tarehe 17 kuamkia 18, kama kilomita 15 kutoka kiwanja cha Ndola. Ndola ni jirani yetu, kilomita 200 hivi, na ardhi yake iko karibu sawa na yetu kwa urefu. Kwa nini ilishuka pale, mpaka leo watu wanachunguza. Tangu 2015 kazi hiyo Umoja wa Mataifa ulimpa Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania. Mimi si hakimu, sitasema kilichotokea. Ila muzee wangu alikuwa na jambo lake alilolishika: vipima-urefu vilivyookotwa kwenye mabaki vilikutwa vimewekwa sawasawa. "Mushale ilisema kweli," alikuwa akisema, "na miti ilikuwa pale pale."

Huko Marekani, kulazimisha kifaa cha kumwonya rubani kuhusu ardhi kulichukua miaka 13 zaidi na maiti nyingi zaidi. Mwaka 1974 Boeing 727 ya TWA ilipogonga mlima ikishuka kuelekea Washington na kuua watu 92, ndipo serikali yao ilipolazimisha ndege kubwa za abiria zifungwe kifaa cha Donald Bateman, kinachochukua kipimo cha redio na kupiga kelele rubani akikaribia ardhi vibaya. Ndege ndogo haikuwamo katika mazungumzo hayo.

Miaka ya 90 ikaja GPS ya mkononi. Ilitusaidia sana kujua tuko wapi, na baadaye, ilipopata ramani ya milima, kujua mbele kuna nini. Kwa urefu wa kutua haikufaa. Nayo ilihesabu kutoka baharini, tena kwa kubahatisha.

Nasogea hadi 2017. Nimestaafu, nina miaka 61, na injinia mmoja wa migodi, kijana wa hapa hapa, ananijia na habari kwamba ameagiza ndege ndani ya sanduku. Ilikuwa Zenith CH 701, mchoro wa Chris Heintz wa mwaka 1986: viti viwili, bati la alumini, injini ya Rotax, kilo 260 hivi bila mafuta. Mtu huiunda mwenyewe nyumbani. Tuliiunda katika banda kwenye barabara ya Kipushi kwa mwaka mmoja na nusu, ribiti kwa ribiti, majirani wakija kila Jumapili kuuliza kama kweli itapanda.

Ilikuwa imebaki rangi tu siku aliponionyesha kidude kwenye kiganja. Kihisi cha leza, kimetengenezwa Afrika Kusini na LightWare, chepesi kuliko yai la kuku, kinapima hadi mita 120.

"Papa, tukifunge chini ya tumbo."

Nilikataa. Nilimwambia ndege hii inatua polepole kuliko pikipiki za Kenya (mtaa wetu, si nchi), na asiyeweza kuitua kwa macho aende kwa basi. Yeye hakubishana. Alichukua betri, akanipa kidude nikishike, akanipeleka nje.

Tulikipima siku nzima kama watoto. Ukutani: hakikosei hata upana wa kidole. Juu ya nyasi ndefu: kilisoma ncha za nyasi, sawa na jicho linavyodanganyika, nikafurahi kupata kasoro. Juu ya maji matulivu ya pipa: kikayumba, mara kinasoma, mara kimya. Kisha tukakielekeza kwenye shamba lililoungua, jioni. Kikasoma udongo mweusi bila kusita. Mita moja na sentimita kadhaa, mita mbili, mita nne.

Nilinyamaza. Nadhani alijua ninawaza nini, maana habari ya Mitwaba nilishamsimulia mara nyingi.

Tulikifunga. Kazi yenyewe ndogo, ila ina ujanja wake: lazima utoe urefu wa miguu ili kisome sifuri magurudumu yanapogusa, na lazima ukubali kwamba ndege ikiinama upande mmoja, leza nayo inaangalia upande, kwa hiyo kwenye kona namba inaongezeka bure. Sauti ya Kiingereza iliyokuja na programu hatukuitaka. Mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka tisa, alirekodiwa kwa simu akihesabu. Alianza kwa Kiswahili, kumi, tano, tatu, tukajikuta tunasitasita. Sisi wa Lubumbashi hesabu za sokoni, za saa na za makuta tunazifanya kwa Kifaransa. Ikawa *dix, cinq, trois, deux, un*.

Na kifaa hicho kina faida? Nimeulizwa hivyo mara nyingi, hasa na vijana. Kwa mlima, hakina. Ukitoka bonde la Lufira ukielekea ukuta wa Kundelungu, pale mto Lofoi unapoanguka zaidi ya mita 300, kitu kinachotazama chini kitakusomea bonde, bonde, bonde, mpaka ukuta. Hapo kinachofaa ni ramani, na kutoruka ndani ya moshi. Juu ya vichuguu namba zinarukaruka, 60, 54, 60, zinachosha. Kwa mita kumi za mwisho, lakini, na hasa kwa ndege hii ambayo ni nyepesi, inashuka kwa mteremko mkali na haina nguvu ya mwendo ya kusamehe aliyevuta mapema, nilibadili mawazo yangu yote. Mwezi wa kumi joto likifika digrii 32, hewa yetu inakuwa kama ya mita 2,200. Ardhi inakuja haraka kuliko jicho lilivyozoea. Sauti ya mtoto haijali joto.

Nilimwekea injinia sharti moja: kila kutua kwa tatu, kizimwe. Alinung'unika. Septemba ya 2019 alirudi jioni ndani ya ukungu wa moshi, mimi nimesimama pembeni ya kiwanja, nikaona ndege imekuja chini vizuri, imegusa, imesimama. Aliposhuka alikuwa mweupe midomoni. Sauti haikusema hata neno moja. Tukainama chini ya tumbo: kioo cha leza kimejaa masizi na vumbi jekundu, huwezi kuona rangi yake.

"Ulitua namna gani?"

"Kwa macho, papa. Ilikuwa zamu ya tatu jana."

Tangu siku hiyo kuna kitambaa cha flaneli kimefungwa kwenye mguu wa kushoto wa ndege, na bado mimi ndiye ninayefuta kile kioo kabla haijaondoka. Ninapomaliza naingiza kichwa ndani kuhakikisha: mshale wa zamani unasema futi 4,300, kidirisha kipya pembeni yake kinasema 0. Mjukuu wangu siku hizi ni msichana mkubwa, na sauti yake imekuwa nzito. Injinia alitaka tumrekodi upya. Tulikataa wote wawili, mjukuu kwa aibu na mimi kwa sababu zangu, kwa hiyo hewani bado ana miaka tisa, bado anahesabu.