Robo ya Sukari na Riali ya Maskati

Mwaka jana jamaa zetu walioko Oman walinialika Maskati kwa siku kumi na mbili, nauli juu yao, Allah awalipe kheri. Mchana mwenyeji wangu huwa kazini, nami huzunguka mtaa kwa miguu, na kituo changu kikawa baqala, yaani duka dogo la mtaani. Neno lenyewe limetokana na baql, mboga, ingawa mboga ndizo chache zaidi humo ndani. Muuzaji alikuwa kijana wa Kibangladeshi. Gari husimama nje, mwenyewe hupiga honi, na kijana hutoka mbio kumpelekea maziwa dirishani.

Kwa maradhi ya wasafiri, kila nilichokinunua nilikigeuza shilingi. Riali moja ya Oman ina baisa 1,000, nayo ni kama shilingi 335 za kwetu. Chupa ndogo ya maji niliinunua baisa 100, yaani shilingi 33 na ushei. Mtaani kwetu Mombasa ni 50. Kilo ya sukari ilikuwa baisa 400, kama shilingi 134. Kwetu siku zile ni 160. Nikakumbuka na Makka, nilipokwenda umra, maji yalikuwa riali moja ya Saudia, kama shilingi 34. Nilitaka kuisingizia kodi, maana ya Oman ni asilimia 5 na yetu ni 16. Lakini ya Saudia ni 15 tangu 2020, na maji yao ni rahisi vilevile. Basi nikabakiwa na mshitakiwa mmoja: mwenye duka wetu.

Niliporudi, katika darsa ya kina mama ya Alhamisi, nikayasema hayo waziwazi. Nikaisherehesha Suratul Mutaffifin, nikaeleza habari za vipimo, nikayataja maduka yetu. Mama mmoja mjane, auzaye mahamri asubuhi, akanyosha mkono.

"Maalim, huko ulinunua kilo nzima?"

Nikamjibu ndiyo.

"Mimi kilo nzima sijainunua tangu Ramadhani."

Nikanyamaza. Hesabu yangu yote niliifanya kwa kilo, na wengi wa waliokuwa mbele yangu hawanunui kwa kilo. Wananunua robo ya sukari, mafuta ya kupima ya shilingi 20, majani ya chai ya kumi.

Kesho yake baada ya alasiri nilikwenda dukani na karatasi yangu. Robo ya sukari ilikuwa shilingi 50. Robo nne ni 200, na kilo ni 160. Arubaini zaidi, na azilipaye ni yule asiyekuwa na mia na sitini kwa mara moja. Nikamwonyesha mwenye duka, mzee makamo yangu. Hakukasirika. Alinieleza karatasi za kufungia anazinunua, sukari nyingine hudondoka katika kupima, na anayetaka robo humsimamisha muda ule ule wa mwenye kilo. Kisha akavuta daftari chini ya meza. "Na hawa, Sheikh?"

Kurasa kwa kurasa, majina ya nyumba za mtaa wetu. Wanazuoni wengi wamejuzisha bei ya mkopo kuzidi ya taslimu, maadamu imekubaliwa tangu mwanzo. Huyu hakuzidisha hata senti. Alipaye leo na alipaye mwisho wa mwezi bei yao ni moja. Ukurasa mmoja alijaribu kuuruka, na haraka ile ndiyo iliyonifanya nitazame. Ilikuwa nyumba yangu. Shilingi 2,340: mkate, maziwa, unga, mkate tena, na tarehe zote ni za siku nilizokuwa Maskati nikilinganisha bei.

Nyumbani nikauliza, kwa sauti ambayo sasa naionea haya. Mama watoto hakuacha kazi yake. "Pesa ulizotuachia zilikuwa za siku nane. Wewe umekaa kumi na mbili. Ulitaka watoto wafunge?"

Na kule Maskati nako daftari niliiona, kando ya droo ya fedha, lakini mimi hakuna aliyekuwa na haja ya kuniandika. Bei niliyokuja kuisimulia ilikuwa ya mgeni mwenye fedha mkononi.

Alhamisi iliyofuata niliyaeleza haya mbele ya wale wale kina mama, na deni langu nikalitaja kwa idadi yake. Sikusema kwamba ile arubaini ni ndogo. Mpaka leo inanikera. Kina mama wanane wameafikiana kuchanga, wanunue mfuko wa kilo 50 kwa bei ya jumla na wagawane nyumbani kwa yule mjane. Mizani hawana, wakaenda kuiazima kwa mwenye duka. Amekubali, kwa sharti kwamba wairudishe kabla ya magharibi, maana hapo ndipo wanunuzi wa robo huanza kuja.