Nani Atalala na Mgonjwa

Liuli ya utotoni mwangu, kando ya Ziwa Nyasa, miaka ya 1980, mgonjwa hakupelekwa hospitali kabla familia haijakaa kikao: nani atalala naye, nani atapika, nani atabaki na watoto na mihogo iliyolowekwa. Waliotoka Lituhi au Mkali walifika kwa mtumbwi, na sufuria, mkeka na dagaa wao, kuuguza ndugu zao katika Hospitali ya Mtakatifu Anna, ya Waanglikana. Shangazi yangu alisifika kwa kazi hiyo hata watu baki wakawa wanamwomba. Alijua kumgeuza mzee asipate vidonda vya kulala, kumlisha uji polepole asipaliwe, kuikodolea macho dripu na kumwita sista kabla haijakauka. Hakuna aliyemwita mtumishi. Mshahara wake ulikuwa kuku, siku akikumbukwa.

Kote nchini wodi ziliendeshwa hivyo, na ndiyo maana upungufu wa wauguzi ulichelewa kuonekana. Miaka ya 1990 serikali ilibana ajira kwa masharti ya wakopeshaji. Vyuo vikatoa wauguzi, nafasi zisitoke. Baada ya mwaka 2000 milango ilipofunguliwa tena na mishahara ya serikali ikapanda, hospitali nyingi za misheni ziliwapoteza wauguzi wao. Sitamlaumu mtu kwa kufuata pensheni. Kisha, mwaka 2017, uhakiki wa vyeti ukawaondoa kazini watumishi wa umma zaidi ya 9,000, wa afya wakiwamo. Cheti cha kughushi hakitetewi, lakini zamu zao zilibaki, na waliobaki wakazigawana.

Mama alipopatwa na kiharusi, shangazi alikwishafariki. Sisi watoto tulikuwa Dar es Salaam, Songea na Mbeya, kila mmoja na kazi yake. Alilazwa katika hospitali moja mbali na kwetu, nami nilipofika, siku kadhaa baadaye, nyonga yake ilikuwa imeanza kuchubuka. Nilipandisha sauti. Nesi wa usiku, binti mdogo tu, alinisikiliza mpaka nikanyamaza.

"Kaka, shikamoo. Usiku huu nina wodi mbili. Mama nilimgeuza saa tatu, nikamgeuza tena alfajiri."

Nilikaa pale nikapiga hesabu. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Ukimbadilishia na shuka, ni dakika kumi, tena mkiwa wawili. Wakiwa kumi wa namna hiyo, dakika 100 kati ya 120 zimekwisha, na bado dawa, sindano, anayejifungua, anayekata roho. Kwa mtu mmoja haiwezekani, hata awe na moyo wa dhahabu. Yule binti hakuwa mzembe. Alikuwa anafanya kazi yake na ya shangazi yangu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiweka familia mbele katika kuwatunza wazee. Makazi ya serikali ni kimbilio la mwisho la wasio na mtu. Silipingi wazo hilo. Ila aliyeliandika alidhani nyumbani kuna mtu. Zanzibar angalau, tangu Aprili 2016, kila mwenye miaka 70 hupewa pensheni, hata kama hakuwahi kuajiriwa; ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Hailipi mshahara wa mtu, lakini inanunua sabuni na maziwa. Huku kwetu Nyasa tumepata lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na ninaishukuru, ingawa vijana ambao zamani wangeuguza bibi zao ndio wa kwanza kuondoka nayo.

Mama sasa yuko nyumbani, Liuli. Tunachanga kila mwezi kumlipa msichana wa jirani, na kidonda kimefunga. Juzi alinipigia simu, nikadhani anadai nyongeza. Alitaka tumtafutie mwenzake, kwa sababu mama ni mzito, na usiku naye hulala. Ana haki. Tumeulizia mpaka Lituhi. Bado hatujapata mtu.