Mume na Mke Katika Soko la Yogyakarta

Ndugu msomaji, iko miji ambayo mgeni huiendea kwa ajili ya majumba yake ya kale, na iko mingine ambayo huiendea kwa ajili ya biashara. Yogyakarta, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, ni mji wa aina zote mbili, na kwa sababu hiyo unawafaa sana mume na mke waliojiwekea akiba ya kutembea pamoja. Mmoja akipenda historia na mwenziwe akipenda nguo, wote wawili watarudi wameridhika. Lakini wasipopatana mapema juu ya mfuko wao, huenda wakarudi wamenuniana. Jambo hilo nitalieleza zaidi huko mbele.

Upande wa kaskazini wa mji umesimama mlima Merapi, volkano iliyo hai, ambayo mwaka 2010 ililipuka na kuua mamia ya watu. Upande wa kusini iko Bahari ya Hindi, bahari ile ile inayopiga fukwe zetu za Tanga na Mtwara. Katikati, juu ya mstari ambao watu wa Java huufikiria kuwa unaunganisha mlima na bahari, Sultani Hamengkubuwono wa Kwanza alijenga jumba lake mwaka 1755 na 1756. Mwaka 2023 mstari huo, pamoja na majengo yake, uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mji huu una heshima nyingine pia: tangu mwaka 1946 hadi 1949, wakati Waholanzi walipotaka kurudisha ukoloni kwa nguvu, ndio uliokuwa makao makuu ya Jamhuri changa ya Indonesia.

Jumba la Sultani litembelee asubuhi, kabla jua halijawa kali. Usitazamie ngome ndefu ya mawe kama zile za Ulaya. Ni viwanja vilivyotandazwa mchanga na kumbi zilizo wazi pande zote, zenye nguzo za mbao zilizochongwa, na watumishi wazee wanaopita taratibu wakiwa wamejifunga vitambaa vya batiki kiunoni. Karibu na hapo iko Taman Sari, bustani ya mabwawa ya kuogea iliyojengwa katika karne ya 18 na kuharibiwa sana na tetemeko la ardhi la mwaka 1867. Mabwawa yamekwisha tengenezwa, na wawili wanaopenda kutembea kimyakimya watapafurahia.

Jioni ikifika, nendeni kwenye uwanja ulio nyuma ya jumba hilo. Hapo pana miti miwili mikubwa ya jamii ya mkuyu, na kati yake pana nafasi ya kutosha watu wengi kupita. Wenyeji huamini kwamba mtu akifungwa kitambaa machoni, akatembea kutoka mbali na kupita katikati ya miti ile bila kukosea, basi moyo wake ni safi na haja yake itatimia. Jambo huonekana jepesi, lakini wengi hupinda njia na kwenda upande wasioutaka. Utaona mume anakwenda kwa mikono iliyonyooshwa mbele, na mke yuko nyuma akicheka huku akimlinda asijigonge.

Kutoka jumbani hadi barabara ya Malioboro, pandeni becak, baiskeli ya magurudumu matatu ambayo abiria wawili hukaa mbele na mwendeshaji hupiga pedali nyuma yao. Patana nauli kabla ya kupanda. Lugha isikutishe. Wenyeji husalimiana “Apa kabar?”, na sikio la Mswahili haliwezi kulikosa neno “habari” ndani yake. Wakati wao huuita “waktu”, na dunia ni “dunia” vile vile. Maneno ya Kiarabu yaliyovuka bahari kuja kwetu yalivuka pia kwenda kwao. Mwanamke mzima huitwa “Ibu”, yaani mama, na mwanamume “Bapak”, yaani baba, kama adabu yetu ilivyo.

Katika barabara hiyo jihadhari na mtu mmoja mcheshi atakayekuambia kwamba kuna maonyesho ya wanafunzi wa sanaa na kwamba leo ndiyo siku ya mwisho. Kesho utamkuta mahali pale pale akimwambia mgeni mwingine maneno yale yale.

Mbele kidogo ndipo lilipo soko la Beringharjo. Biashara imefanyika hapo tangu karne ya 18, na jengo lake kuu lilijengwa mwaka 1925. Ndani kuna viungo, vikapu na sukari ya mnazi, lakini ufalme ni wa batiki. Aliyezoea vitenge ataona kama amekutana na bibi mzaa babu, kwa maana katika karne ya 19 viwanda vya Uholanzi viliiga batiki ya Java kwa mashine, na nguo hizo zikapata soko kubwa Afrika Magharibi. Vitenge vyetu vimetoka katika ukoo huo.

Mnunuzi na ajue kwamba ziko aina tatu. Ya kwanza huchorwa kwa mkono kwa nta ya moto inayotiririka kutoka kwenye kikombe kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba. Kisha nguo hutiwa rangi, nta huondolewa, na kazi huanza upya kwa rangi nyingine, na kitambaa kimoja huweza kuchukua wiki nyingi au miezi. Ya pili hupigwa nta kwa muhuri wa shaba. Ya tatu huchapishwa tu kiwandani, wala nta haiijui. Ipindue nguo uitazame mgongoni: iliyochorwa huwa na rangi pande zote mbili, na mistari yake haifanani kabisa, kwa kuwa mkono wa mtu si mashine. Iliyochapishwa aghalabu huwa imefifia upande wa nyuma.

Mimi na mke wangu tulikuwa na fedha za zawadi zisizozidi, na nyumbani mdogo wake alikuwa karibu kuolewa. Mimi nilitaka tuchukue furushi la nguo zilizochapishwa ili kila shangazi apate. Mke wangu alikuwa ameshika nguo moja tu, nyeusi, iliyojaa nyota ndogondogo. Michoro hiyo huitwa truntum. Wajava husimulia kwamba malkia mmoja wa Surakarta, aliyesahauliwa na mumewe kwa ajili ya mke mpya, alikaa usiku akichora nyota za mbinguni juu ya nguo. Mfalme akawa anakuja kuitazama kazi ile siku baada ya siku, hata mapenzi yakachipua tena. Siku hizi wazazi wa bibi na bwana arusi huivaa siku ya arusi.

“Baba Rehema,” aliniambia, “mama alinisomesha kwa kuuza maandazi. Hajapata kuvaa nguo ambayo mtu amekaa miezi miwili akiitengeneza. Mashangazi tutawapelekea leso.”

Mama mwuzaji alitaja bei, nasi tukataja nusu yake, kama desturi ya sokoni. Alicheka, akapunguza kidogo, kisha akatuonyesha kwa kidole nyota moja baada ya nyingine. Mke wangu alilipa, nami sikuwa na neno. Leso za mashangazi tulizinunua za kiwandani, na tukalipa bei ya kiwandani.

Zipo sababu za kufikiri hivyo. Katika kijiji cha Giriloyo, karibu na makaburi ya masultani huko Imogiri, wanawake kwa miaka mingi walichora nta tu kwa ujira mdogo, na nguo zikapelekwa mjini kutiwa rangi na kuuzwa na wengine. Baada ya tetemeko la Mei 2006, lililoua zaidi ya watu 5,000 katika eneo hilo, walijifunza kutia rangi wao wenyewe na kuuza kazi yao kwa vikundi. Yeyote anayelipia nguo ya kiwandani kwa bei ya nguo ya mkono humnyima riziki mama wa namna hiyo, na kumtajirisha mdanganyifu.

Basi, ndugu msomaji, mkitoka sokoni ketini mkekani mle gudeg, fenesi changa lililopikwa kwa saa nyingi katika tui la nazi na sukari. Ila kabla ya kuingia sokoni, kaeni wawili mwandike ni nani atakayeletewa nini, na ni kiasi gani hakitaguswa. Kisha mmoja akisimama mbele ya nguo asiyoweza kuiacha, mwenzake na aulize kwanza anamnunulia nani.