Wawili, Mbwera na Kioo Kinachoyumba

Mwezi huu siwapeleki Bagamoyo wala Kigamboni. Huko mnakujua, na picha zake mmeshazipiga mpaka simu zimejaa. Mwezi huu tunakwenda Mbwera, ndani kabisa ya delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani. Usitegemee hoteli ya kitanda chenye mapazia wala mhudumu wa kukuletea juisi yenye mwavuli. Kuna maji, mikoko, minazi, na watu ambao saa yao ya kwanza ni bahari.

Nilikwenda kwa sababu mume wangu ni mtabibu na kituo alichopangiwa kiko huko. Kama wewe au mwenzio mmeajiriwa serikalini, mnajua habari hii: barua ya kupangiwa kituo haiulizi mmefunga ndoa lini. Yeye delta, mimi Dar na gazeti langu. Mwisho wa mwezi mmoja anapanda boti na mabasi kumfuata mwenzake, na maisha yanakwenda.

Kwenye mkoba nilikuwa na kishikwambi kipya. Ni kidogo, cha kushikika kwa mkono mmoja, alichoninunulia mume wangu alipokuja mjini ili niache kubeba mafurushi ya makala za kuhariri. Alidunduliza posho zake miezi mitatu. Duka lilitupa siku 7: kikiwa na tatizo, unakirudisha na kuchukua kingine au pesa yako. Nilipoondoka Dar ilikuwa siku ya 4. Na nilikuwa nimeshaona kitu ambacho yeye hakukiona.

Kioo kina nini?

Ukikishika kimesimama na kupandisha ukurasa kwa kidole, maandishi yanapinda. Upande mmoja wa mstari unatangulia, wa pili unafuata nyuma, na ukurasa mzima unacheza kama jeli kwenye sahani. Ukiacha kuusogeza, unatulia na kunyooka kama hakuna kilichotokea. Siku ya kwanza sikukiona kabisa. Siku ya pili nilikiona mara moja, na kuanzia hapo sikuona kingine. Riwaya inapinda, barua pepe zinapinda, hata mapishi ya pilau yanapinda!

Nikatafuta sababu. Kumbe kioo cha aina ya LCD hakibadilishi picha yote kwa mpigo. Kinaichora mstari baada ya mstari, toka upande mmoja mpaka wa pili, kama mtu anayepiga deki chumba: anaanzia ukutani, anarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Vioo vingi hufanya hivyo mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa kwenyewe hakufiki hata sehemu ya 1 kwa 60 ya sekunde. Lakini kama kioo kinachorwa toka kushoto kwenda kulia, na wewe unapandisha maandishi juu, upande wa kushoto unakuwa umeshahama wakati wa kulia bado. Jicho linauona mteremko huo. Ukikilaza kishikwambi, uchoraji unafuata njia ileile ya maandishi, na mteremko unaondoka.

Sikuwa peke yangu. Septemba 2021 kampuni ya Apple ilipotoa iPad mini ya kizazi cha 6, yenye kioo cha inchi 8.3, wanunuzi walilalamikia jambo hilihili. Kampuni ikajibu kuwa hiyo ni tabia ya kawaida ya vioo vya LCD. Wengine walikubali, wengine walirudisha, na wengine wengi hawakujua hata kinachozungumzwa. Changu ni cha kampuni nyingine kabisa, ila ugonjwa ni mmoja.

Sasa swali langu halikuwa la ufundi. Zawadi ya mtu unayempenda ina kasoro, na kasoro hiyo ukishamwonyesha hawezi tena kuacha kuiona. Unasema au unanyamaza?

Safari yenyewe

Nilipanda basi Mbagala Rangi Tatu alfajiri, tukashika barabara ya Kilwa: Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, mpaka Bungu. Hapo nikashuka na kuchukua bodaboda hadi Nyamisati, bandari ndogo ambako boti za Mafia huondokea. Za delta zinaondoka pia, ila usiulize saa ngapi. Uliza maji. Nahodha wetu alikuwa amekaa kwenye gogo anakunywa chai.

"Tunaondoka saa ngapi, kaka?"

"Maji yakijaa, dada."

Maji yalipojaa tukaondoka, nimevaa jaketi la kujiokolea linalonuka chumvi. Na hapo, wapenzi wasomaji, kama hujawahi kuingia delta hujaiona Pwani. Mto Rufiji, badala ya kuingia baharini kwa mlango mmoja, unajigawa vijito vingi, na kila kijito kina mikoko yake pande zote mbili. Kuna mililana inayotangulia kuelekea baharini, kuna mikoko yenyewe iliyosimama kwa mizizi kama mtu aliyepandisha suruali asilowe, kuna michu na mikandaa. Huu ndio msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko nchini, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar.

Vijito hivi viliwahi kuificha manowari nzima. Mwaka 1914 meli ya Wajerumani Königsberg ilijichimbia humu baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar. Waingereza waliitafuta wiki kadhaa, na mpaka kuimaliza, tarehe 11 Julai 1915, walihitaji ndege ziruke juu na kuwaelekeza wapiga mizinga waliokuwa hawaoni wanachokipiga. Ukiwa ndani ya kijito unaelewa. Hatua hamsini kutoka ulipo panaweza kuwa na kitu kikubwa usikijue.

Mwalimu kwenye boti

Mbele yangu alikaa mwalimu mmoja kijana, na mkononi alikuwa na kishikwambi. Mnakumbuka Sensa ya Agosti 2022, ile iliyotuhesabu tukafika 61,741,120? Makarani walitumia vishikwambi, na baada ya kazi Serikali ikavigawa kwa walimu. Chake kilikuwa kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki maji yasikifikie, kona moja ina ufa, na alikuwa anapitia maswali ya mtihani, kidole kinapanda na kushuka.

Nikachungulia. Nitawaambia ukweli, nilikuwa natafuta mteremko! Jua lilikuwa kali, sikuona vizuri. Nikamuuliza tu kama anakipenda.

"Hiki? Hiki ndiyo maktaba yangu," akasema. "Vitabu vyote vimo humu. Kwenye makaratasi vingeshaloa zamani."

Ulimi ulikuwa unaniwasha nimwambie akisimamishe halafu akisogeze taratibu aone. Nikanyamaza. Yeye hana siku 7 za kukirudisha, hana duka la kukipeleka, na hakuna kilichompungukia. Kumwonyesha kungekuwa kumwachia kero na mimi nishuke zangu.

Lakini nilipokuwa natazama maji nikajua kuwa jibu la mwalimu haliwezi kuwa jibu la mume wangu. Mwalimu tunaachana gatini. Mume wangu nitakaa naye, na kila akiniuliza "kinaendeleaje kile kishikwambi?" nitakuwa namjibu "kizuri" huku nimebana kitu. Kitu kidogo, sawa. Ila wote tunajua ndoa ngapi zimejaa vitu vidogo vilivyobanwa.

Nilimwambia

Jioni ya kwanza tulikula wali wa nazi na kamba waliotoka majini siku hiyohiyo. Bibi jirani alikuja kunitazama. Nikamwamkia "shikamoo," akaitika "marahaba mwanangu," akanikagua toka kichwani hadi miguuni, akamwambia mume wangu kuwa mkewe amekonda na Dar hakuna chakula. Kisha akatuhadithia mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoharibu mashamba mengi Kibiti na Rufiji, kwa sauti ya mtu anayeelezea mgeni aliyekaa sana.

Alipoondoka nikakitoa kishikwambi.

"Sogeza huu ukurasa. Unaona nini?"

"Naona maandishi."

"Sogeza taratibu. Tazama mstari mmoja, mwanzo wake na mwisho wake."

Akasogeza. Akarudia. Akanyamaza kidogo. "Yanapinda."

"Yanapinda."

Uso wake ulishuka, na hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa. Nikamweleza habari ya deki na picha inayochorwa mara 60 kwa sekunde. Akakigeuza kulalia ubavu, akasogeza tena. "Na sasa?"

"Sasa yako sawa."

"Unakitaka au tukirudishe? Usinionee huruma."

Nikafikiri kweli. Tukichukua kingine cha aina ileile, kitakuja na mteremko uleule, maana ndivyo kilivyoundwa. Tukichukua pesa, kwa bei ile tunapata kikubwa kisichoingia kwenye mkoba. Hiki kinaingia, chaji inakaa, na nikikilaza kinasomeka. Nikamwambia nakitaka. Na mara hii neno "nakitaka" lilikuwa na uzito, kwa sababu wote wawili tulikuwa tunajua tunachokubali.

Hapo naye akatoa la kwake. Kuna mtumishi mwenzake wa karibu na Dar anayetaka kubadilishana kituo. Fomu anayo tangu wiki mbili zilizopita, hajasema, kwa sababu hakutaka nione kama ameshindwa na Mbwera. Akaniuliza: "Wewe umepaona sasa. Unaona nini?"

Nikamwambia ninachokiona. Nikaona mtandao unaokamatika sehemu moja tu nje ya nyumba, ndiyo maana simu zetu zinakatika katikati ya sentensi. Nikaona usiku akigongewa mlango kwa sababu mgonjwa ameletwa kwa mtumbwi. Nikaona pia watu wanavyomwita "daktari wetu," na jinsi anavyotembea akiitwa hivyo. Nikamwambia umbali unaniuma, na kwamba huu si kama kioo. Hauondoki kwa kuulaza ubavu.

Hatukumaliza kila kitu usiku ule, ila tulipanga. Atamaliza mwaka wa kazi aliouanza, ambao unaisha Juni, kisha fomu inapelekwa. Tukaandika tarehe kwenye kishikwambi hichohicho.

Ubovu, umbile na muda

Ninachowaletea toka Mbwera ni hiki. Kuna ubovu, na kuna umbile. Kioo kilichokufa kona moja, chaji isiyoingia, kifaa kinachochemka mpaka kinaunguza, huo ni ubovu; rudisha, na usione aibu mbele ya muuza duka. Mwandiko unaoyumba ukisogezwa ni umbile. Kingine cha aina hiyo kitakuja nao. Watu nasi tuko hivyohivyo. Mwenzio anayechelewa kujibu ujumbe ana umbile lake. Anayekupiga au kukudhalilisha, huyo si wa kuvumiliwa hata siku moja, na wala msichanganye mambo haya mawili.

Lakini hata lile la kuvumilika lina sharti: lionwe na wote wawili. Mkiliona wote na mkakubali, hayo ni makubaliano. Ukilibeba peke yako kwa tabasamu, huo ni mzigo, na mzigo una siku yake ya kuanguka. Na kama ni jambo linaloumiza, kama umbali, liwekeeni tarehe.

Ukitaka kwenda

Uliza kwanza mzunguko wa maji kabla ya kupanga siku. Wakati wa bamvua maji yanajaa na kupwa sana, wakati wa maji mafu hayasogei sana, na boti zinafuata hivyo. Beba pesa taslimu, maji ya kunywa, dawa ya mbu na mfuko wa plastiki kwa kila kitu chenye chaji. Vaa kwa heshima. Ni watu wa Pwani na wengi ni Waislamu. Usipande boti bila jaketi la kujiokolea, hata nahodha akikucheka. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji ukifika. Na ukiwa na kishikwambi kipya, kikague kabla siku za duka hazijaisha: kisimamishe, sogeza ukurasa taratibu, kisha kilaze na urudie. Usipoona kitu, funga na utazame mikoko.

Mimi makala hii nimeihariri juu yake, nimekilaza. Mume wangu ataisoma maji yakijaa na mtandao ukikubali.